Dresa na Daftari la Kanisa

Kaa vizuri nikueleze, na usione haya kunikatiza nikienda mbio. Jambo lenyewe si gumu. Kuna mtu mmoja niliyemjua kwa karibu miaka kumi pale Stockholm, na kuna daftari moja ambamo alihangaika jina la mkewe liingizwe. Nikikueleza lile daftari polepole, mtu mwenyewe utamwelewa.

Tulimwita Dresa. Vijana wa siku hizi hawalijui neno hilo, kwa hiyo nianzie hapo. Zamani, kwenye zahanati za mashamba ya mkonge huko Tanga, daktari alipita mara moja kwa mwezi, na miezi mingine hakupita. Siku zote nyingine alikuwepo mtu wa kusafisha vidonda, kuchoma sindano, kugawa kwinini, na kuamua nani apakiwe kwenye lori kupelekwa hospitali kubwa. Huyo ndiye dresa. Yeye aliifanya kazi hiyo miaka mingi, kisha akaletwa Sweden kwa mafunzo ya miezi michache, na mafunzo yalipokwisha akapata kazi akabaki. Kazi yenyewe ilikuwa chini kabisa, ghorofa iliyo ardhini ya hospitali moja mjini, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Cheti chake cha nyumbani hakikutambuliwa na mtu. Mtu aliyekuwa akiamua nani afe na nani apande lori, sasa alihesabu mikasi.

Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi ghorofa ya nne ya hospitali hiyo hiyo. Nilifika mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na koti la kuazima na Kiswidi cha miezi mitatu. Tulikutana kwenye lifti. Alinitazama, akatazama trei yangu, akasema kwa Kiswahili bila hata kuuliza kama ninakijua:

"Wewe ni wa Morogoro."

"Umejuaje, mzee?"

"Unatembea kama mtu anayeteremka mlima. Hapa ni tambarare, binti. Utaanguka."

Kuanzia siku hiyo aliniita binti, nami nikamwita mzee, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho.

Ukitaka kumjua Dresa, usimtazame kazini. Mtazame siku yake ya mapumziko. Siku hiyo alinyoa ndevu, akafunga tai nyeusi, akapanda treni kwenda kumchukua mtu. Mtu huyo angeweza kuwa Mtanzania, Mkenya, au Mkongo aliyemwita "Papa Dresa" na kuchanganya Kifaransa katikati ya maumivu. Dresa alimsindikiza kwa daktari. Hakuna aliyempa kazi hiyo na hakuna aliyemlipa. Alifika saa nzima kabla ya wakati, akachukua kikaratasi cha foleni, akaketi wima kama anayepigwa picha.

Sasa nikuambie jambo la kuchekesha: Kiswidi chake kilikuwa kibaya. Alijifunza chini kule, katikati ya mashine na mvuke, kwa hiyo alijua kusema "bana," "fungua," "moto," "angalia vidole." Mbele ya daktari alitumia hayo hayo. Ugonjwa wa mtu aliuigiza kwa mwili wake mwenyewe. Alishika ubavu wake, akajikunja, akasema, "Hapa bana. Jana moto." Na madaktari walimwelewa kuliko walivyonielewa mimi na sarufi yangu ya darasani. Mara moja daktari kijana alitaka kumpima yeye. Dresa akavuta shati lake kwa hasira. "Si mimi, yule!" Yule alikuwa kijana mmoja Mkenya, mwanafunzi wa upimaji ardhi, aliyekuwa na vidonda vya tumbo.

Nilikuwa nao kwenye treni, Dresa na huyo Mkenya, walipokuwa wakienda. Dresa alikuwa na desturi ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi njiani. Aligeuza uso ukawa wa kidaktari, akakunja nne.

"Mimi ni daktari. Unaendeleaje?"

"Mzuri sana, daktari."

"Basi. Umepona. Mwite anayefuata."

"Aa, mzee! Sijaanza!"

"Umeshamaliza. Amekuuliza, umejibu, ameandika: mzuri sana."

"Sasa niingie kwa mtu mzima nianze kumlilia tumbo hata salamu sijatoa?"

"Umlilie. Salamu utanipa mimi tukitoka."

Mimi nilicheka, na Mkenya mwenyewe akacheka huku ameshika tumbo. Lakini fikiri kidogo, uone Dresa alikuwa amegundua nini. Kwetu anayeulizwa hali hujibu nzuri kwanza. Hata ndani kukiwa na maiti, husema, "Nzuri, ila tumefiwa." Neno la kwanza ni la heshima, habari yenyewe inakuja na la pili. Kule, kalamu ya muuguzi huanza kuandika kwenye neno la kwanza. Watu wetu wangapi walipiga simu wakiwa na homa kali, wakaulizwa wanaendeleaje, wakajibu "bra, tack," yaani nzuri, ahsante, wakaambiwa basi wapige tena wiki ijayo! Hawakuwa wajinga. Walikuwa na adabu. Dresa aliwafundisha kuikosa adabu hiyo kwa dakika moja, ile ya kwanza.

Alikuwa na jambo jingine alilolisema kila mahali: "Muulize jina lake." Karani akikuambia hapana, muulize jina lake. Si kwa ugomvi. Alisema mtu mwenye jina hutafuta jibu, asiye na jina hutafuta mlango wa kukutolea. Nimelitumia mara nyingi maishani, na nakuambia linafanya kazi, si kila mara, lakini mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa tufike kwenye daftari. Sikiliza sehemu hii vizuri, maana yote yaliyobaki yanategemea hapa.

Nchi ile ilijivunia matibabu yake, na ilikuwa na haki ya kujivunia. Aliyekuwa ndani ya utaratibu alitibiwa sawa na waziri. Niliona kwa macho yangu wodini: mfagiaji na profesa, kitanda kwa kitanda, uji ule ule. Lakini kuingia ndani ya utaratibu kulikuwa na mlango mmoja. Ilibidi uandikwe kuwa mkazi. Ukiandikwa, unapewa namba: tarehe yako ya kuzaliwa, halafu tarakimu nne. Kwa namba hiyo unaingia kwenye bima ya ugonjwa, faili lako linafunguliwa, unawekwa kwenye foleni ya wataalamu. Bila namba hukufukuzwa, la. Ukianguka barabarani wangekuokota, wakakutibu usife siku ile. Ila ugonjwa unaotaka miezi, vipimo na kupangiwa siku, huo ulitaka namba.

Na mahali pa kuandikwa, wakati ule, palikuwa kanisani. Usishangae. Daftari la wakazi wote, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, liliwekwa na ofisi ya usharika wa mtaa. Ndivyo ilivyokuwa kwao tangu zamani, na wao hawakuona ajabu yoyote, kwa hiyo hawakuona haja ya kueleza. Karani alisema tu, "Nenda kanisani ukaandikwe."

Waza sasa Mwislamu wa Pangani au wa Kigoma anaambiwa maneno hayo. Wengine walidhani watabatizwa. Mmoja alikaa mwaka mzima na jino bovu akisubiri nchi ibadilishe sharti. Dresa, ambaye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa kusali sala tano, aliwashika mikono mmoja mmoja akawapeleka. Wiki ya kwanza tu mtu akifika, yeye na tai yake wapo ofisi ya usharika. "Ni daftari la kuhesabu watu," aliwaambia mlangoni. "Hakuna maji. Hakuna msalaba. Kuna mama mmoja na kalamu." Karani huyo, mama wa makamo aliyekuwa na kofia ya mpira kwenye kidole cha kufunulia kurasa, alimzoea hata akawa anamtolea kiti.

Watu walimtania. Siku moja ya Idi tulialikwa sote, Waislamu na Wakristo, kwenye ukumbi wa kukodi. Tukiwa kwenye pilau, mzee mmoja wa Kizanzibari, mshona viatu, alipaza sauti ili wote tusikie:

"Dresa! Askofu wako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia," Dresa akajibu bila kuinua kichwa. "Anasema uje uandikwe na wewe. Jino lako linanuka mpaka kule usharikani."

Ukumbi mzima ulicheka, hata mshona viatu. Nami nilicheka. Nilidhani maneno yale yamempitia tu. Alikuwa mtu wa kujibu haraka, na sisi hatuwazi kwamba mtu wa kujibu haraka anaweza kuumia.

Mkewe alikuja mwezi wa tisa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walikuwa wametengana muda mrefu, yeye kule, mkewe Tanga na watoto waliokwisha kukua. Alipata ruhusa ya kuishi ya mwaka mmoja. Sisi wanawake tulimwita Shangazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alitwambia tumwite hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili akaanza kutugombeza kuhusu mavazi. Alikuwa mnene, mchangamfu, msema kweli. Alimwita mumewe Dresa kama sisi, ila kwake neno hilo lilikuwa na kicheko ndani.

"Huyu Dresa wenu," aliniambia nilipokwenda kuwatembelea kwao Jordbro, kitongoji cha nje ya mji, "aliwahi kunichoma sindano kabla hajanichumbia. Nikasema mtu aliyekwisha kuniumiza hivi, afadhali nimjue kabisa."

Miezi ya mwanzo hakuwa na ugonjwa wowote unaoonekana. Alilalamikia ngazi tu. Mara moja mbele yangu alimwuliza mumewe, "Na mimi nitaandikwa lini, nasikia unaandikisha watu wote?" Dresa akasema, "Ofisini kuna foleni." Mimi nikaona ajabu kidogo, maana wiki ile ile nilijua amempeleka mtu na hakukuwa na foleni. Lakini sikusema. Mwanamke mgeni hamsahihishi mzee nyumbani kwake. Ndivyo nilivyolelewa, na ningetamani ningelelewa vibaya zaidi.

Januari viatu vya Shangazi vilikataa kuingia. Nilikwenda Jordbro Jumapili moja nikamkuta amelala akiwa ameketi, mito mitatu nyuma ya mgongo, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Miguu ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Dresa hakuwa na kipimo cha kusikilizia moyo. Alipiga magoti, akaweka sikio lake mgongoni mwa mkewe, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Shangazi akasema, "Umelala usingizi au?"

Alipoinuka hakunitazama. Jikoni akaniambia, "Moyo unavuja. Nimeusikia mara nyingi kwa watoto wa shamba waliougua homa ya viungo. Huu umekuwa ukivuja tangu usichana wake."

"Utapasuliwa, mzee. Hapa wanapasua mioyo."

"Wanapasua," alisema. "Wenye namba."

Kesho yake asubuhi tulikwenda ofisi ya usharika, mimi na yeye. Shangazi hakuweza kutembea. Karani alifurahi kumwona, akavuta kiti. Akaipokea pasipoti, akafungua ukurasa wenye muhuri, akachukua kalenda ya mezani akaanza kuhesabu miezi kwa ncha ya penseli.

"Imebaki saba," alisema. "Ili mtu aandikwe, tunataka awe na ruhusa ya kukaa mwaka mmoja kuanzia siku anapokuja hapa. Aombe nyongeza kwanza, akipata arudi."

Ona kosa lilivyoingia. Dresa aliwapeleka watu wiki ya kwanza, siku zote. Kwa hiyo siku zote walikuwa na mwaka mzima mbele yao, au karibu na mzima, na hakuna aliyewahi kuhesabiwa miezi. Kanuni hiyo hakuijua. Hakuwahi kuchelewa hata akutane nayo.

Karani aliuliza, kwa upole kabisa, "Kwa nini hamkuja alipofika?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Lakini wewe nakuona hapa kila mara."

Mtu yule aliyekuwa na jibu kwa mshona viatu, kwa madaktari, kwa kila karani wa mji ule, alitazama kofia ya mpira kwenye kidole cha yule mama kana kwamba jibu lilikuwa pale. Nje kwenye theluji ndipo aliponiambia, bila mimi kumwuliza.

"Niliona haya, binti. Wangesema Dresa sasa amempeleka na mkewe kanisani. Nikasema hana ugonjwa, nitangojangoja kidogo, nitamweleza taratibu."

"Na yeye, ulimwambia?"

"Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Amesafiri njia yote hii, nimwambie jina lake linakwenda kanisani?"

Alimwambia jioni ile, kwa kuwa nilikataa kuondoka mpaka aseme. Nilikuwa kwenye kochi, najifanya nakunja nguo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Dresa. Mimi nilizaa watoto wangu wote hospitali ya misheni. Nimeandikwa kwenye daftari la masista, hata bei ya pamba waliyonitumia wakaandika. Shule nilisoma ya misheni, miaka miwili, nikiandikwa kila asubuhi. Nimebatizwa lini?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani kwa niaba yangu. Watu wa Kongo unawaeleza, Wakenya unawaeleza, mpaka yule kijana mlevi wa Uganda ulimweleza mara tatu. Mimi ulinionaje? Mimi ndiye sitaelewa?"

Alisema bila kupaza sauti, kwa kuwa pumzi ya kupaza hakuwa nayo. Dresa alikuwa amesimama karibu na dirisha na tai yake bado shingoni. Shangazi akamaliza hivi: "Ningekwenda siku ile ile. Ningekwenda na sanduku mkononi."

Nakueleza haya ujue kwamba hapakuwa na mtu mbaya. Ndilo gumu la hadithi hii. Ukimtafuta mbaya ili umchukie upumzike, humpati. Karani alikuwa mwema. Kanuni yenyewe ilikuwa na sababu yake. Hawakutaka kuandika wapita njia. Madaktari walitaka kutibu. Na Dresa alimpenda mkewe. Ila ukiviweka vyote hivyo pamoja, mwanamke mmoja anabaki nje.

Tuliomba nyongeza. Majira ya baridi yakapita, ukaja ule mwanga wa kule usiokwisha hata usiku, watu wakaketi bustanini, barua haikuja. Dresa alipiga simu kila Jumatatu. Aliuliza majina. Alipewa majina, yote ya heshima, na kila jina lilimwambia shauri lake linaendelea. Mwisho wa kiangazi nyongeza ilikuja: miezi sita. Haikueleza kwa nini sita. Alikwenda nayo kwa karani, ingawa alijua kuhesabu. Karani akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema, "Bado." Tukaomba tena.

Nami nilijaribu la kwangu. Nilimvizia daktari wa wodi yetu, mtu wa huruma, akakubali kumwona Shangazi kwa hisani, nje ya zamu. Alimsikiliza moyo kwa kipimo akasema yale yale ambayo Dresa aliyasikia kwa sikio tupu. Akaandika barua kwa wataalamu wa moyo, barua nzuri, kurasa mbili. Baada ya wiki tatu ilirudi. Palipotakiwa namba, mtu alikuwa amezungushia duara la penseli. Hakukuwa na neno jingine. Dresa aliigeuza nyuma na mbele akitafuta jina la aliyechora lile duara.

Mara tatu Shangazi alipelekwa kwenye chumba cha dharura. Mara tatu walimpokea vizuri, wakampa dawa ya kutoa maji mwilini, miguu ikanywea, akapumua, akarudishwa nyumbani. Dharura ilikuwa imekwisha, unaona. Ugonjwa ulikuwepo, lakini dharura ilikuwa imekwisha. Mara ya tatu, muuguzi alipomwuliza anaendeleaje, Shangazi alimtazama mumewe kwanza, kisha akasema kwa Kiswidi alichofundishwa kwenye treni: "Vibaya. Nakufa." Muuguzi akaandika. Aliandika sawasawa kabisa, nilisoma mwenyewe.

Mara ya nne ilikuwa mwezi wa tatu. Ruhusa ya miezi sita ilikuwa imekwisha na ile nyingine haijajibiwa. Alifariki asubuhi, kabla ya chai ya zamu ya kwanza. Kwenye kamba ya hospitali mkononi mwake palikuwa na jina lake, tarehe ya kuzaliwa, halafu nafasi nne tupu. Daktari wa dharura alisema kama angeonekana mwaka mmoja kabla, pengine. Alisema "pengine" mara mbili, na nilimshukuru kwa kuwa hakusema zaidi.

Ili azikwe ilitakiwa karatasi, na karatasi ya maziko ilitoka ofisi ile ile ya usharika. Tulikwenda. Karani hakuvuta kiti. Aliinuka, akazunguka meza, akampa Dresa mkono. Kisha akaketi akaandika. Ilichukua robo saa. Dresa alipopewa karatasi aliuliza swali moja tu:

"Sasa ameandikwa?"

"Ndiyo," yule mama akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwenye daftari lingine."

Baada ya hapo sikumwona sana. Nilihamishiwa wodi nyingine, baadaye nikaolewa, nikahamia Akalla, kitongoji kipya cha upande wa pili wa mji, wakati majengo yake yalikuwa bado yananuka rangi. Nilisikia amestaafu. Nilisikia pia kwamba hasindikizi tena watu, na watu walimsema kwa hilo, wakidhani amekuwa na majivuno.

Nilimkuta mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya sabini, nje ya kituo cha treni pale pale Akalla. Alikuwa amekonda. Hakuwa na tai. Alikuwa amekuja kununua samaki, kwa maelezo yake, ingawa hakuna anayetoka Jordbro kwenda Akalla kununua samaki. Tulisimama kwenye upepo tukaulizana habari, naye akajibu zote kuwa nzuri.

Nikaona nimtie moyo. Nilimwambia kuna jirani yangu, Mkenya, mkewe amefika juzi kutoka Nakuru na ana kisukari. Hawajui pa kuanzia. Nikamwambia, "Mzee, njoo uwapeleke. Hakuna ajuaye kama wewe."

"Ruhusa ya miezi mingapi?"

"Kumi."

Alitikisa kichwa polepole. "Hawatamwandika. Usimchoshe bure na baridi hii."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Sijui, binti. Waombe nyongeza. Wangoje." Alitazama upande wa reli. "Mimi nilikuwa nadhani nawaingiza watu mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kwa wale tu ambao ungewafungukia hata bila mimi."

"Si kweli, mzee. Umewasaidia wengi."

"Labda." Akahamisha mfuko wake kwenye mkono mwingine, akaniambia jambo la mwisho nililolisikia kutoka kwake. "Lakini kamweleze. Yeye mwenyewe huyo mwanamke, usimweleze mumewe. Mwambie ni wapi, mwambie watakataa, mwambie kwa nini. Asije akajua mambo yake ya mwisho kwa kuyasikia kwa mtu aliyeyaficha."

Akaondoka bila kununua samaki.

Nilikwenda kwa jirani jioni ile. Nilimweleza yule mama kila kitu, mumewe akiwa ameketi pembeni akitazama sakafu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Aliuliza maswali mazuri, mazuri kuliko ya mumewe. Ofisi ilimkatalia, kama Dresa alivyosema, na miezi yake kumi ilipokwisha alirudi Nakuru na sukari yake. Sikumsaidia kitu. Ila alipanda ndege akijua kilichomrudisha, na aliniaga kwa jina langu.

Basi, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: kama nyumbani kwako yupo mtu asiyeisoma lugha ya ofisi, leo mkishakula keti naye mezani. Zitoeni karatasi zake zote. Msomee moja moja kwa lugha yake, umwambie kila moja inataka nini na inakwisha lini. Anza na ile unayoona haya kuisoma.